Usiku wa Kumi na Tisa

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Aliye nyuma aje mbele, na mwenye usingizi akanawe uso, kwa sababu leo sitaki makofi wala asante. Mimi nitatoa hadithi, nanyi mtatoa hukumu.

Palikuwa na mji mdogo uitwao Mlangamawe, uliokaa ubavuni mwa mlima. Chini yake bonde, juu yake msitu na ukungu. Watu wake walilima kabichi na tangawizi, walioa, walizika, walicheka kama watu wa mahali popote. Lakini katika mwaka mzima kulikuwa na siku moja ambayo hawakuitaja kwa sauti kubwa. Ilikuwa tarehe kumi na tisa ya mwezi wa Aprili. Wao waliiita Siku Ile, basi, na kila mtu alielewa.

Mtoto wa siku nyingine yoyote alisubiri siku yake ya saba, akapewa jina taratibu, kwa uji na ubani. Mtoto wa Siku Ile hakusubiriwa. Alipewa jina kabla jua halijachwa, na kama siku hiyo ilileta balaa, basi jina lake lilikuwa balaa hiyo hiyo. Ndivyo walivyopata majina yao watu watatu ninaotaka muwajue.

Wa kwanza ni Bi Gharika, mpika vitumbua. Alizaliwa jioni ambayo mto ulipanda ukalibeba soko la zamani pamoja na watu waliokuwa wakifunga biashara zao. Kipawa chake kilikuwa kukumbuka. Alichoambiwa mara moja hakikumtoka. Alikumbuka maneno, na sauti iliyoyasema, na kilichokuwa kikiungua jikoni wakati yanasemwa.

Wa pili ni Radi, mchimba visima. Alizaliwa mwaka mwingine, jioni ambayo radi ilipiga nyumba ya harusi, bibi arusi akiwa na hina mbichi mikononi. Kipawa chake kilikuwa masikio. Radi alilala kifudifudi, akaweka sikio udongoni, akakwambia maji yako wapi, yanaelekea wapi, na kama yana haraka au hayana.

Wa tatu ni Kiza, mchukuzi wa mizigo, mdogo kuliko wenzake. Alizaliwa adhuhuri ambayo jua lilifichwa na kuku wakapanda kulala mchana. Kabla mwanga haujarudi mama yake alikuwa amefariki, na neno lake la mwisho lilikuwa "Kiza." Huenda alikuwa akiuliza tu mbona kumekuwa na giza. Waliokuwepo wakasema, amekwisha kumpa mwanawe jina. Kipawa cha Kiza kilikuwa kuona pasipoonekana. Ukungu ulipoufunika mlima hata mtu asione mkono wake mwenyewe, yeye alishuka na gunia la kabichi kichwani, akipiga mluzi.

Bi Gharika alikuwa akiwaambia watu kwamba Siku Ile ilikuwa na mema yake pia. Kisima cha kwanza cha Mlangamawe kilitoa maji tarehe hiyo, alisema, na mkunga aliyewapokea nusu ya wazee wa mji alizaliwa tarehe hiyo. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakala vitumbua vyake, wakasahau. Lililokaa vichwani mwao ni soko, na harusi, na lile giza.

Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumpa mtoto wake jina la Gharika, wala Radi, wala Kiza. Mnajua mtu aliyepewa jina lako huitwa somo yako. Mlangamawe waliamini kwamba mtu anayekufa bila somo, jina lake huzikwa naye, halitajwi tena hata katika dua. Watatu hao walikuwa hawana somo. Kila alipozaliwa mtoto, walikwenda kumtazama, wakaleta zawadi zao, wakasikia jina la mtu mwingine, wakarudi nyumbani.

Sasa sikilizeni mwaka ninaousimulia.

Mvua za masika zilikuwa zimenyesha hadi kuta zikaota ukoka. Kisha zikakatika ghafla. Chemchemi iliyokuwa nyuma ya mji ikatoa maji mekundu kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa, halafu ikakauka. Nyani, ambao kila siku waliiba mahindi, hawakuonekana. Hata Mwenyekiti wa mji, Bakari Hoza, mtu wa kucheka na kila kitu, alitazama juu msituni na kusema, "Mbona kimya hivi? Kama nyumba ya watu waliogombana."

Desturi ilikuwa hivi: alfajiri ya Siku Ile, mji mzima uliondoka. Walishuka kwa njia ya bondeni, wakavuka mto, wakakaa ng'ambo hadi siku ipite. Kwa hiyo tarehe kumi na nane, alasiri, Mlangamawe yote ilikuwa ikifunga mizigo ya kesho. Kalenda ya dukani ilionyesha kumi na nane, Alhamisi. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Aliyekuwa na haraka ni mmoja tu. Mwantumu, mke wa Mbelwa, alikuwa na mimba ya kwanza, na tangu adhuhuri uchungu ulikuwa ukija na kuondoka. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho, chini kabisa ya mteremko mkali. Walikubaliana kwamba asubuhi vijana wambebe kwa kitanda.

Bi Gharika alikuja kukaa naye, na karai lake la vitumbua, ili amsahaulishe maumivu.

"Bibi, nipigie hadithi," Mwantumu akasema. "Yoyote. Hata ile yako."

"Yangu unaijua."

"Najua. Nipigie tu."

Bi Gharika akageuza vitumbua, akasimulia kwa maneno yale yale ya mama yake, maana hakuwa na mengine. "Mama alisema: watu wametoka kuswali magharibi, taa ndiyo kwanza zinawashwa, ndipo tukasikia maji. Ilikuwa usiku wa kumi na tisa..."

Akasahau karai. Kitumbua kikaanza kuungua.

"Bibi?"

"Usiku wa kumi na tisa," akarudia polepole. "Na ile harusi. Walisema usiku wa hina, usiku wa kumi na tisa." Akaondoa karai motoni, akatoka nje bila viatu.

Alimkuta Mwenyekiti akifunga kuku miguu. "Mwenyekiti, tuondoke sasa hivi."

"Bi Gharika, kalenda inasema leo kumi na nane. Tunaondoka kesho."

"Kalenda yako ilizaliwa lini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka. "Januari, bado changa," akasema.

"Haya, cheka. Halafu nijibu kama mtoto wa madrasa. Kesho ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Na usiku unaoingia sasa hivi, kabla ya kulala, unauitaje?"

"Usiku wa Ijum..." Mwenyekiti akafunga mdomo.

Wote waliokuwa pale wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amelisema neno hilo maisha yake yote. Usiku wa Ijumaa ndio huu unaotangulia Ijumaa. Kwa waliowazaa, usiku ulitangulia, mchana ukafuata, na siku iliingia jua linapochwa. Lakini tangu kalenda itundikwe dukani, watu walisikia "usiku wa kumi na tisa" wakadhani ni usiku unaofuata, mchana ukiisha kupita. Miaka yote walikuwa wakiikimbia Siku Ile alfajiri, ikiwa imekwisha kulala nao nyumba moja.

Wakatazama jua. Lilikuwa limefika kwenye vilele vya miti.

Hapo kila mtu akashika alichoweza kushika. Walianza kuelekea njia ya bondeni, kama desturi, Mwantumu amekaa kitandani, vijana wanne wamembeba, Mbelwa akienda ubavuni na mfuko wa nguo za mtoto. Walipofika mahali njia zinapogawanyika, Radi alikuwa amelala katikati ya njia, tumbo chini.

"Radi, ondoka, ndugu yangu," Mwenyekiti akasema. "Huu si wakati wa kutafuta kisima."

Radi akainua mkono mmoja, yaani nyamazeni.

"Huyu hata mchwa akipiga chafya atasema ni mto," mtu mmoja akasema nyuma. Hakuna aliyecheka.

Radi akainua kichwa. Shavu lake lilikuwa na udongo, na macho yake hayakumtazama mtu. "Maji ya chemchemi hayakukauka," akasema. "Yamehamia huku chini. Yako chini ya njia hii, na mawe yanasagana. Mlima unatafuna."

"Unatafuna nini?"

"Unatafuna mahali tunapotaka kupita. Atakayeshuka bondeni hatafika ng'ambo. Twendeni juu, mgongoni mwa mlima. Huko nasikia mwamba, mwamba mtupu."

Mbelwa akamwambia, "Kaka Radi, mke wangu yuko hivi unavyomwona. Njia ya bondeni ni tambarare. Ile ya juu mbuzi wenyewe wanalia."

"Shemeji yangu akishuka huku," Radi akamjibu, "nitakuja kumsikiliza kwa sikio hili, akiwa chini ya udongo. Sitaki."

Wakageuka. Wote. Hata waliokuwa wakinung'unika waligeuka, maana sasa waliusikia kwa nyayo zao, mtikisiko mdogo, kama wa mtu anayetwanga mbali sana.

Ndipo ukungu ukashuka. Haukuja kidogo kidogo kama siku nyingine. Uliporomoka kutoka msituni, mweupe, mzito, ukafunika njia, ukafunika miti, mama akawa hamwoni mwanawe aliyemshika mkono. Njia ya mgongoni ni nyembamba. Kulia jabali, kushoto hakuna kitu. Waliobeba kitanda wakasimama. Mmoja akasema kwa sauti ya kulia, "Sioni mguu wangu mwenyewe." Nyuma yao mtikisiko ulikuwa ukiongezeka.

Katika weupe ule wakasikia mluzi.

"Wekeni kitanda chini," akasema Kiza. "Kitanda hakipiti hapa. Shemeji Mwantumu, utaniwia radhi, nitakubeba mgongoni. Kina mama, nipeni kanga, nimfunge asianguke. Kanga nyingine fungeni ncha kwa ncha, kila mtu ashike. Atakayeachia, simrudii."

Mbelwa akasita. "Mke wangu abebwe mgongoni na mwanamume mwingine, mji mzima unatazama?"

"Nani anatazama, Mbelwa?" Mwantumu akasema, meno yameumana. "Kuna mtu anaona kitu hapa? Kama wewe unaiona njia, nibebe wewe."

Mbelwa akashika kanga.

Wakaenda. Kiza mbele, mwanamke mwenye uchungu mgongoni, na mji mzima nyuma yake kwenye kamba ya kanga. Alisema "jiwe," wakapitisha neno nyuma, jiwe, jiwe, jiwe. Alisema "kushoto hapana," wakajibana na jabali. Mwantumu alipobanwa na uchungu alimuuma begani, na Kiza alisimama hadi upite, kisha akaendelea. Hakupiga mluzi tena. Hivyo hivyo hadi nyayo zao zikakanyaga mwamba.

Jua likachwa. Hawakuliona, lakini walijua, kwa sababu wakati huo huo chini yao kulitoka sauti ambayo waliokuwepo hawakutaka kamwe kuielezea. Nami nisiyekuwepo siwezi. Ilipokwisha, ukungu ulinuka udongo mbichi.

Kulipopambazuka wakaona. Nyumba za chini hazikuwepo. Njia ya bondeni haikuwepo. Palipokuwa na nyumba ya Mwantumu palikuwa na ukuta wa matope, na juu yake mgomba mmoja umesimama wima, umehamia hapo kutoka shamba la mtu mwingine. Lakini walipohesabiana vichwa, hakuna aliyepotea.

Na asubuhi hiyo, katika banda la walinzi wa mashamba, lile la kufukuzia nyani, Mwantumu akajifungua mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu. Watu walicheka na kulia pamoja naye, kisha mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, maana walikumbuka siku ni ipi.

Mwenyekiti akakaa mlangoni mwa banda. "Desturi mnaijua," akasema. "Balaa imetokea. Jua likichwa mtoto hana jina, ataitwa Poromoko, na ataitwa hivyo hadi kaburini."

"Mwanangu haitwi Poromoko," Mwantumu akasema kutoka ndani.

"Basi desturi ina mlango mmoja. Mtoto wa Siku Ile aliyeokolewa na mtu huchukua jina la mwokozi wake, akawa somo yake. Mwokozi mmoja, jina moja. Sasa semeni. Nani alimwokoa mtoto huyu?"

Mlango ulikuwa umefunguka, na watatu wakasimama kwa pamoja.

Bi Gharika akatangulia kusema, kwa haki ya umri. "Mimi sipendi kujisifu. Lakini nisingelikumbuka neno lile, jana jioni mngekuwa mnafunga kuku miguu. Huyu Radi angesikiliza wapi? Huyu Kiza angembeba nani? Mngekuwa majumbani, pamoja na kuku wenu."

"Shikamoo, Bi Gharika," akasema Radi. "Ulitukumbusha kuondoka, kweli. Ukatuondoa ukatupeleka wapi? Bondeni! Nisingelala njiani nikawazuia, mngefia huko njiani nyote. Wewe ulisema lini. Mimi nilisema wapi."

Kiza alikuwa akijifunga kitambaa begani, palipoumwa. "Mimi sina maneno," akasema. "Mlijua lini, mlijua wapi, mkasimama kwenye ukungu mnalia. Nikaenda."

"Mpeni yote matatu," mtu akasema nyuma. "Aitwe Gharika Radi Kiza."

"Hilo si jina," Mwantumu akasema. "Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa."

Watu wakacheka, kwa mara ya mwisho siku hiyo. Maana Bi Gharika hakucheka. Alisogea akakaa chini karibu na Mwantumu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi sina mtoto, sina mjukuu, na miguu yangu unaiona. Wenzangu hawa wana miaka ya kungoja. Usiponipa wewe, hakuna mwingine atakayewahi. Nikizikwa, nimezikwa na kila ninachokumbuka."

Radi akasema, "Mimi nimewahi kuahidiwa mara mbili. Mara mbili nimenunua kitambaa cha mtoto. Na mara zote mbili, mlangoni, wakaniambia wamebadili nia, maana nani atamwita binti yake Radi na masika yanakuja? Nina miaka ya kungoja, ndiyo. Nimechoka kungoja."

Kiza akakaza fundo la kitambaa begani. Mwishowe akasema, "Mama yangu hakuacha kitu kingine. Neno lile tu. Watu wanalitumia kutishia watoto wasitoke nje. Ningependa mtu mmoja aitwe hivyo kwa upendo, nilisikie."

Mbelwa akamtazama mkewe, mkewe akamtazama Mbelwa. "Na sisi?" Mbelwa akanong'ona. "Gharika, Radi, Kiza. Kila moja la haya ni siku ya vifo. Tukimpa mtoto jina, tumempa na kilichokuja na jina?"

"Hao watatu wamebeba hayo majina maisha yao yote," Mwantumu akasema, "na sisi tuko hai."

"Ndiyo. Lakini jana jioni balaa ilikuja tena."

 Chini, mahali nyumba zilipokuwa, jiwe moja likajitoa likabiringika, likaenda, likaenda, hawakusikia lilipotua. Radi akalala chini, akaweka sikio lake kwenye mwamba. Walimngoja. Aliinuka akapangusa shavu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwantumu akamchukua mtoto akatoka naye nje ya banda. Jua lilikuwa jekundu, limegusa mgongo wa mlima wa ng'ambo. Watatu wakamsogelea. Bi Gharika amenyoosha mikono. Radi amekunja kitambaa kidogo kifuani, kimoja cha vile ambavyo hakuvitumia. Kiza ametazama chini. Desturi ni mama kuinama na kumwambia mtoto jina sikioni, mara moja, na likishasemwa halirudi. Siku inakwisha. Nusu ya jua imezama. Mwantumu ameinama, na midomo yake imekaribia sikio la mwanawe.

Na mimi naishia hapo, kwa sababu kinachofuata si changu.

Mmoja alijua lini. Mmoja alijua wapi. Mmoja aliwafikisha. Ukimwondoa yeyote kati yao, mtoto yuko chini ya matope. Jina ni moja, na watakaorudi nyumbani bila somo ni wawili. Fikirini pia lile aliloliuliza Mbelwa, msilikimbie.

Haya, wewe uliye nyuma, nawe uliye mbele. Jua linamalizika. Ungekuwa wewe ndiye mama umeinama, ungemnong'oneza mtoto jina la nani?